Maneno Tuliyocheka Bila Mama Yako

Mwanangu Mwamini,

Salamu nimezifupisha kwa makusudi, maana tunakaa nyumba moja na asubuhi ya leo umeniamkia mwenyewe kabla hujavuka mto kwenda kumuaga bibi yako. Goti langu unalijua, kikohozi changu unakisikia kila siku. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye yale niliyonayo moyoni.

Kesho treni inaondoka. Utabadilisha Kabalo, utapanda nyingine mpaka Albertville, halafu meli ya ziwani mpaka Kigoma, na hapo shangazi yako Salima atakuwa amesimama na mwavuli wake, tayari kukupeleka kwake Ujiji. Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kutokula chakula cha watu usiowajua, hayo umeshaambiwa na kila mwanamke wa mtaa huu, na mengine umeambiwa mpaka umechoka. Mimi sitayagusa.

Kuna neno moja tu linanikaa kooni. Jana ulisema mbele yangu: "Baba, mama asiponipa radhi yake kwa kinywa chake, miye sipande treni." Nilijifanya natafuta brashi. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anatwanga mpunga, na tangu barua ya shangazi yako ifike hajasema ndiyo wala hapana. Nguo zako zote amezifua. Kikwembe chake kipya, kile kitenge alichokuwa anakihifadhi kwa Idi, amekikunja akakitia kwenye sanduku lako. Kusema tu ndiko kumemshinda.

Basi nakuandikia. Huenda barua hii utaisomea kwenye treni, na huenda utaisomea hapa hapa uani, sanduku likiwa limefunguliwa tena na nguo zimerudi kwenye kamba. Kote kuwili ni yako.

Nianze na kazi yangu, maana huko utaulizwa baba yako anafanya nini. Sema anaandika majina ya vitu. Vibao vya kituo cha treni, maduka, milango ya ghala, ubavu wa mashua za bandarini, yote hayo yamepita mikononi mwangu. Lakini kuandika nilijifunza chuoni kwa maalim, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi za Kizungu nilizijua nikiwa nimeshaota ndevu. Nilizijua kwa macho, bila mwalimu, na mkono wangu ukakataa kugeuka. Mpaka leo, wewe mwenyewe umeona, nikipewa neno la Kizungu naanzia mkiani, herufi ya mwisho kwanza, narudi nyuma mpaka nifike kichwani. Likiisha linasomeka sawasawa kama la mtu mwingine yeyote, ila njiani huwezi kujua ninakwenda wapi.

Ndiyo maana nikipanda ngazi watu hukusanyika. Unaikumbuka siku ile ya kibao cha Kibombo? Ulikuwa mdogo, umenishikia kopo la rangi nyeusi na kila kidole chako kilikuwa cheusi. Nimeandika O, halafu nyuma yake B, halafu M, na wale vijana wa cité, mtaa wa Waafrika, waliojua kusoma kidogo wakaanza kubishana.

"Mambo!" mmoja akapiga kelele. "Fundi anaandika mambo!"

"Mambo gani kwa gari ya moshi? Njo jina ya muntu hii."

Nikaongeza O, nikaongeza B. "Bombo! Bombo njo nani?"

Mkubwa wa kituo, yule Mbelgiji mwenye shingo nyekundu, alitoka ofisini, akavua kofia, akasimama nao. Akaniuliza kama ninaandika au ninafuta. Nilipoweka K mwishoni, ndiyo kusema mwanzoni, watu walipiga makofi kama kwamba nimewajengea ule mji wa Kibombo. Wewe ulipiga makofi zaidi ya wote, na rangi yote ikamwagika. Sikukukasirikia hata kidogo, nakuambia ukweli, nilijisikia mtu mkubwa siku ile.

Lakini kuanzia mkiani kuna hasara yake. Yule Mgiriki mwenye duka karibu na bandari aliniletea ubao mfupi, akataka neno la Kifaransa, MAGASIN. Nikaanza na N, raha tupu, herufi nene zenye kivuli, nikarudi nyuma I, S, A, G, A, na ubao ukaisha. M haina mahali. Nilisimama juu ya ngazi kama mtu aliyesahau jina la mkwewe. Mgiriki alitukana kwa Kigiriki, akatukana kwa Kifaransa, halafu akacheka, akaniambia niiweke M kwenye mhimili wa mlango, peke yake. Nikaiweka. Kubwa, nyekundu. Tangu siku hiyo watu wakaanza kusema "twende kwa Emu", na mpaka leo mji wetu mzima wa Kindu unasema kwa Emu. Mgiriki ameshauza duka akarudi kwao, M yenyewe imekula jua haionekani tena, na watoto waliozaliwa juzi wanafikiri Emu alikuwa mzee fulani tajiri. Wewe na mimi ndio tunaojua kwamba Emu ni ubao mfupi.

Nakukumbusha hiyo kwa sababu siku ile ile ndiyo ulipoanza ugonjwa wangu wa maneno, na wewe ukaja kuambukizwa. Nilienda kutafuta MAGASIN katika ile kamusi kuukuu ya Kifaransa isiyo na jalada. Nikakuta imeandikwa kwamba neno hilo lilitoka kwa Waarabu. Nikashtuka. Nikalitamka polepole, makhazin, nikaona, ah, hili ni jamaa ya hazina yetu! Ile ile tunayotaja katika dua. Lilivaa kanzu likavuka bahari, likakaa Ulaya miaka na miaka, likarudi Kindu limevaa suruali, nasi tukalipokea kama mgeni. Na juzi juzi, kitabu cha Kiingereza alichokutumia shangazi yako kilipofika, wewe ndiwe uliyenijia mbio: "Baba, liko hapa tena!" Kumbe Mwingereza naye analo, magazine, ila kwake si duka, ni karatasi za kusoma zenye picha. Tulicheka sana siku hiyo. Neno moja, na kila nyumba linapewa kazi nyingine.

Mwanangu, sijui kama vitabu vya ukunga vina mambo ya namna hii. Naogopa havina. Utasoma majina ya mifupa na majina ya homa, yote kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya vitabu kule kwa utawala wa Waingereza. Hapa kwetu unajua mambo yalivyo, shule za wasichana zinataka mtoto abatizwe kwanza, na sisi ni watu wa msikiti. Shangazi yako alipoandika kwamba huko kuna shule ya kukupokea jinsi ulivyo, na baadaye hospitali ya kukufundisha ukunga, nilikubali kabla sijamaliza kusoma. Nilikubali haraka mno, labda. Sikumtazama mama yako usoni kwanza.

Kiingereza chenyewe nilikutana nacho kabla hujazaliwa, nacho kilinitia aibu. Ilikuwa wakati wa vita ya Wazungu. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, rangi ya huko haiji, ikawa inaletwa rangi ya Uingereza na rangi ya Amerika. Nikapata makopo mawili. Moja limeandikwa GREY, lingine GRAY. Kiingereza sikijui, lakini herufi nazijua, na E si A. Nikamwambia kila mtu kwamba Wazungu hawa wana aina mbili za kijivujivu. Nikarudi nyumbani, chumba chetu cha kwanza na mama yako, nikapaka ukuta mmoja GREY na ukuta wa pili GRAY, nikawaita majirani waone. Wakaja. Wakainamisha vichwa. "Ee, iko tofauti," wakasema. "Hii iko na baridi, ile iko na moto kidogo." Mimi mwenyewe niliuona ule moto kwa macho yangu!

Rangi ilipokauka, kuta zote mbili zilikuwa kitu kimoja. Mwingereza anaandika hivi, Mmarekani anaandika vile, basi. Hata neno la rangi lenyewe katika makopo yale, colour, Mmarekani ameitoa U yake, sijui ilianguka wapi baharini. Mama yako alikuwa na mimba yako kubwa. Aliangalia ukuta huu, akaangalia ule, akaangalia uso wangu, akaanza kucheka mpaka akakaa chini amejishika tumbo. Alicheka mpaka majirani wakarudi kuuliza kama uchungu umeanza. Siku hizo mama yako ndiye alikuwa mwenye kicheko cha nyumba hii. Vituko vyangu vyote vya maneno nilikuwa namletea yeye.

Sasa hivi nimesikia mchi umesimama. Nimesubiri. Umeanza tena.

Nikuambie na mambo ya majina, maana yatakukuta. Wabelgiji wenyewe, kama unavyojua, wana lugha mbili na hawapendani sana kwa ajili yake. Wakati fulani bandarini kulikuwa na wakubwa wawili, mmoja Mflama, mwingine wa upande wa Kifaransa. Nimeandika KINDU kwenye mlango wa ghala, Mflama akaja akasema iwe KINDOE, ndivyo masikio yao yanavyoiandika. Nikafuta. Mwenzake akaja akasema iwe KINDOU. Nikafuta. Wakagombana wao kwa wao mbele yangu, kila mmoja na U yake, mimi niko juu ya ngazi na brashi inadondosha rangi kwenye shati langu. Mwishowe wakaniambia nirudishe kama ilivyokuwa. Na muda huo wote mji ulikuwa pale pale, unauza samaki wake.

Katika kibali chako cha safari karani amekuandika Mouamini. Mwingereza wa Kigoma atakuandika vingine. Maalim alikuandika kwa herufi za Kiarabu, na humo hamna O wala E ya kugombania. Jina ni la mama yangu mzazi, ndiyo maana nakuita mama ukiwa umenifurahisha, na yeye hakuwahi kuliona limeandikwa popote. Ukiitwa kwa lolote katika hayo, itika.

Na watakucheka. Sikufichi. Ukisema muntu badala ya mtu, ukisema njo hii badala ya ndiyo hii, ukisema iko mahali ambapo wao wanasema lipo na kipo na upo, watacheka, hasa wasichana wa rika lako. Mimi walinicheka. Nilienda Ujiji kwa harusi ya shangazi yako nikiwa kijana, nimevaa vizuri, nikafungua mdomo kuomba maji ya kunywa, na watoto uani wakarudia maneno yangu moja moja huku wakianguka kwa kicheko. Basi nikafunga mdomo. Nilifunga harusi nzima, mwanangu. Nikiulizwa natikisa kichwa, nikipewa chakula naweka mkono kifuani. Watu wakaona hayo, wakafikiri kaka wa bibi harusi ni bubu. Wazee wakaniwekea mikono kichwani wakaniombea dua nifunguliwe ulimi. Nikaitikia amina moyoni. Siku ya kuondoka nikajisahau, nikasema "kwaherini", na bikizee mmoja akapiga kigelegele, mtaa mzima ukatoka kuona muujiza.

Hilo sijamwambia mtu yeyote hapa nyumbani, wewe ndiwe wa kwanza. Cheka, una haki. Lakini kilichoniuma ni kingine. Salima alilia. Alifikiri nimekaa kimya kwa sababu nimemchukia mume wake. Aliingia katika ndoa yake akiwa na wazo hilo, na ilichukua miaka ya barua kumtoa wazo hilo kichwani. Kumbe mimi sikuwa na chuki na mtu. Nilikuwa naogopa tu. Kwa hiyo wewe sema. Sema kama tunavyosema Kindu, halafu sema kama wanavyosema wao, halafu sema hicho Kiingereza chako, ukosee mbele yao, wacheke, mcheke pamoja. Ila usiwaachie watu kimya chako wakijaze wenyewe.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini, maana nimejisikia mjinga. Nakufundisha habari ya kimya, na kimya kilicho nyuma ya nyumba yangu sijakiuliza kitu. Siku zote hizi nimekuwa nikijiambia mama yako amekasirika. Nimemkwepa. Nimeenda kupaka vibao ambavyo havikuhitaji kupakwa. Lakini mimi nilikuwa bubu Ujiji nzima bila hasira hata kidogo, kwa nini yeye awe na hasira?

Nimeanza kukumbuka, na ninakumbuka vibaya. Tangu kile kitabu cha Kiingereza kifike, kila jioni tunakaa mimi na wewe, vichwa karibu na taa, tunawinda maneno. Unakumbuka jioni ya kisu? Knife. Tulishangaa ile K iliyokaa mbele haifanyi kazi, nikasema ni kapita huyo, msimamizi wa vibarua, anakula posho kivulini wenzake wakibeba mizigo, na wewe ukacheka mpaka ukapaliwa na wali. Kisha ukanisomea yale maneno ambayo mwalimu jirani wa shangazi yako aliandika pembeni kwa penseli, kwamba zamani Waingereza walikuwa wanaitamka, mababu zao waliisema K ile kabisa, ni wajukuu walioinyamazisha. Ukaihurumia. Nami nikaihurumia. Usije ukasema sasa kwamba mama yako ni kama ile K, nakujua wewe, ungependa kusema hivyo. Mama yako ni mtu, si herufi. Alikuwa amekaa pale, na akauliza, "Munacheka nini?"

Mimi nikamjibu: "Aa, ni mambo ya Kiingereza, ni marefu."

Akakusanya sahani, akatoka. Wewe hukuona, ulikuwa unafunua ukurasa. Mimi niliona, na sikuinuka. Yeye aliyecheka mpaka akakaa chini kwa ajili ya GREY na GRAY, nikamwambia kicheko cha leo ni kirefu. Haikuwa jioni moja. Mchezo uliokuwa wetu sote watatu, nikauhamishia mahali ambapo yeye hana mlango wa kuingilia. Na sasa tunamwambia mtoto anakwenda kuishi huko huko. Nimemwonea uchungu sana mama yako, leo, nikiandika mstari huu.

Ngoja, anakuja.

Mwamini, nimeiacha barua kwa muda na sasa nimerudi. Nakueleza kila kitu kama kilivyokuwa. Mama yako aliingia na ungo wa mchele, akauweka chini kando ya ukuta, akanitazama.

"Uko naandika nini tangu ile saa?"

"Barua ya Mwamini."

"Mwamini iko kwa bibi yake, jioni iko narudi. Juu ya nini umuandikie muntu mwenye utakula naye leo?"

Nikasema kuna maneno ambayo mdomo wangu haujui kuyabeba. Akakaa kwenye mkeka.

"Soma."

"Ni ndefu, Mama Mwamini."

Nilipotamka neno hilo, ndefu, nilijisikia nimemwambia tena kile kile. Yeye akajiweka sawa mkekani. "Miye niko na haraka ya kwenda wapi? Soma."

Nikamsomea. Nimesoma yote, kutoka kwenye salamu mpaka hapo nilipofikia, sikuruka kitu, hata pale palipoandikwa habari zake mwenyewe, ingawa sauti yangu hapo ilikuwa kama ya mtu mwingine. Kwenye kibao cha Kibombo alitabasamu. Kwa Emu alisema, "Ile Mugiriki alikuwa muntu muzuri." Nilipofika kwenye bubu wa Ujiji na kigelegele cha yule bikizee, alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakaanza kutikisika, na nikaogopa kwamba nimemliza. Alikuwa anacheka. Alicheka, mwanangu, kile kicheko chake chenyewe.

"Wakakuombea dua!" anasema. "Na wewe ukaitika amina! Ile haukuniambia hata siku moja."

"Niliona haya."

Nilipomaliza akajisogeza karibu yangu. Akauliza, "Ile kisu ya Kiingereza, njo ile mulikuwa nacheka ile siku?"

Nikamweleza. Nikaiandika kwa chaki sakafuni, nikamwonyesha K na kazi yake ya kukaa bure. Akaiangalia.

"Njo hii tu?"

"Ni hii tu."

"Haichekeshe."

"Haichekeshi sana," nikakubali.

Akaifuta kwa kiganja. "Miye nilifikiri munanicheka miye," akasema. "Siku zote zile."

Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa na vumbi la pumba na chaki. Halafu akavuta pumzi, akaniambia, "Kamata kalamu. Andika yenye nasema, usitengeneze." Haya yanayofuata ni yake.

Mwamini, mutoto yangu. Miye mama yako njo niko nasema, baba yako iko naandika. Nilikaa kimya juu ya woga. Haikuwa juu ya kasirani. Treni sikuogopa, maji ya ziwa sikuogopa, shangazi yako ni muntu muzuri. Niliwaza hivi: huyu mutoto anaenda kule, atajaa maneno ya wale watu, na siku moja atarudi, atakaa hapa kwa mukeka, atasema kitu, baba yake atacheka, na miye nitacheka pia kama mugeni mwenye hajasikia kitu. Nitakuwa mugeni wa mutoto yangu. Njo ile iliniziba kinywa. Kila siku nilikuwa nataka kukuambia enda, na neno ilikuwa nakatala kutoka.

Lakini sasa nimekumbuka. Wakati nilikuzaa, ulikuwa hauna hata neno moja. Ulikuwa nalia tu. Watu wote katika hii nyumba walikuwa nauliza, mutoto anataka nini, na baba yako njo wa kwanza kuuliza. Miye nilikuwa najua. Hii kilio ni ya njaa, hii ni ya tumbo, hii anataka tu kubebwa. Hakuna muntu alinifundisha. Nilikusikia wakati haukuwa na neno hata moja, Mwamini. Sasa urudi na maneno mingi namna gani, ya Kiingereza, ya wapi sijui, na miye nishindwe kukusikia?

Radhi yangu uko nayo. Leo nimekupa, na kesho mbele ya watu wote nitakupa tena, na siku zenye sitakuona pia uko nayo. Panda treni.

Tumeandika sisi wawili, baba yako kwa mkono, mama yako kwa kinywa.